Panya Hahami

Saa kumi na moja alfajiri, nyuma ya ukuta wa kiwanda,
hapa Sohar ambapo moshi huamka kabla ya jua,
nafungua mitego ya bati, mmoja mmoja, kwa glavu.
Chambo ni tende ya juzi na siagi ya karanga.
Kumi na tisa mitupu. Mmoja una nge.
Wa ishirini na moja unatikisika.

Nambari arobaini na moja. Jike. Tena yeye.
Tangu Machi nimemkamata mara tatu
na mara zote tatu kanikojolea mkono.
Sikio la kulia lina kipini changu,
ncha ya mkia ina shungi jeusi, kama brashi ya wanja.

Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo.
Huyu kachimba peke yake,
milango minne chini ya mkunazi mmoja uliokauka upande,
na hapo ananusa, anakula, analala, anazaa,
hatua mia mbili, umri wake wote.
Ndiyo maana tunamtaka.
Binadamu ukimuuliza, atakwambia kazi yake iko Maskati,
hurudi Alhamisi, anavuta sigara, alikaa Dubai miaka sita;
hutajua sumu ipi kaipata wapi.
Panya hahami. Panya hana likizo.
Kilichomo damuni mwake ni cha hapa hapa.

Tone moja kutoka mkiani. Namwachia.
Anaondoka bila kuaga.

Maabara, taa zimezimwa.
Seli zake nimezilaza ndani ya jeli, nikazipitishia umeme:
kilichokatika huvutwa, kilicho kizima hubaki.
Seli yenye afya ni duara, shilingi mpya.
Iliyoumia huota mkia wa nuru,
nyota mkia, ya kijani, juu ya weusi,
na kadiri mkia unavyorefuka
ndivyo utepe wa vinasaba ulivyochanika.
Mola nisamehe, inapendeza.
Siku moja nilisema Mashallah kwa sauti
kisha nikaona haya, peke yangu, gizani.

Nahesabu mia.
Panya wa bondeni, kule mlimani, mbali na bandari,
mikia mitano, sita.
Arobaini na moja: thelathini na nane.
Machi ilikuwa ishirini na mbili.

Shangazi Shinuna anakaa ng'ambo ya barabara ile.
Ijumaa hunipikia wali wa nazi na papa mkavu
kwa Kiswahili alichotoka nacho Wete akiwa na miaka minane.
"Vipanya vyako hawajambo?"
Huuliza kama anayewaulizia wakwe.
Anapangusa meza. Kitambaa kinatoka cheusi.
Anakigeuza upande wa pili.
"Basi si mnipime na miye? Miye nami sihami."

Nikacheka, kijiko kikiwa mdomoni.

Kwenye fomu hakuna kisanduku cha shangazi.
Ripoti yangu itasema spishi kiashiria,
itasema tofauti ni ya kutiliwa maanani,
itasema utafiti zaidi unahitajika,
na chini yake sahihi yangu, Ghaniya binti Sleyyum,
kwa wino usiofutika.

Jumapili, kabla ya mitego, nilisimamisha gari mlangoni pake.
Mfukoni nilikuwa na sindano ya kidole na kioo kimoja safi.
Taa ya jikoni ilikuwa inawaka.
Nilimwona akipita, akirudi,
akitikisa shuka dirishani kabla hajaianika.
Sikupiga hodi.
Nani atanisomea mia ile?
Nani atashika kalamu nikifika arobaini?

Nikaenda ukutani.
Arobaini na moja hayumo.
Yumo mdogo, hana kipini,
shungi lile lile, jembamba bado, halijakolea.
Nikamwandika: hamsini na sita.
Nikamshika taratibu, kidole gumba nyuma ya shingo,
moyo wake ukipiga kwenye glavu kama saa iliyoharibika.

Naye kanikojolea.